UZI: Rosalía de Castro (1837–1885), maisha yake kwa nyaraka na vitabu vyake, na pale wasomaji wengi wanapopotea

Kalamu_Mvule (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani Rosalía de Castro hutajwa kwa kupita tu, na karibu kila mara kwa sifa ileile: mshairi wa machozi kutoka Galisia, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Hispania. Sifa hiyo inamdhulumu. Mwanamke huyu ameacha vitabu vitano vya ushairi, riwaya tano ukihesabu na fupi, na maandishi makali kuhusu wanawake wanaoshika kalamu. Zaidi ya hapo, ndiye aliyeirudisha lugha ya Kigalisia kitabuni kwa kishindo, baada ya karne nyingi za kubaki midomoni mwa wakulima na wavuvi. Tumfuate kwa nyaraka, hatua moja baada ya nyingine.

Tuanze na kuzaliwa, maana porojo zinaanzia hapo. Karatasi tuliyonayo ni kumbukumbu ya ubatizo ya tarehe 24 Februari 1837, katika kanisa dogo la Hospital Real, Santiago de Compostela. Jengo lenyewe lingalipo, pale uwanja wa Obradoiro, upande wa kushoto ukilitazama kanisa kuu, na sasa ni hoteli. Padri aliyeandika, José Vicente Varela y Montero, anasema mtoto ameitwa María Rosalía Rita na kwamba wazazi hawajulikani. Anasema mama wa ubatizo ni María Francisca Martínez, mkazi wa San Juan del Campo, na ndiye aliyeondoka na mtoto. Halafu anaongeza kwamba mtoto hana namba, kwa kuwa hakupitishwa Inclusa, yaani nyumba ya watoto waliotelekezwa.

Hayo maneno ya mwisho yasomeni mara mbili. Mtoto aliyeingia Inclusa aliandikiwa namba, akakabidhiwa mnyonyeshaji wa kulipwa, na wengi sana walikufa kabla hawajajua kutembea. Kukosa namba kunaonyesha kwamba kuna watu waliojipanga mapema: nani atambeba, atapelekwa wapi, atanyonya kwa nani. Kwa hiyo anayeandika kwamba Rosalía "alitupwa" hajausoma waraka hadi mwisho.

Mama yake alikuwa María Teresa de la Cruz de Castro y Abadía, wa ukoo wenye jina kubwa na mali iliyopungua, wenye jumba la Arretén karibu na Padrón. Baba alikuwa José Martínez Viojo, padri. Mtoto wa padri hakuwa na njia ya kisheria ya kutambuliwa na baba yake, na ndiyo sababu kitabuni wakaandikwa "hawajulikani" wakati watu wa pale Padrón walijua kila kitu.

---

Tumaini_K

Shukrani mkuu. Sasa alilelewa na nani? Nimekuta sehemu moja wanasema alikua kwa mama, kwingine wanasema kwa shangazi.

---

Waraka_Mkongwe

Zote mbili ni kweli, ila kwa vipindi tofauti, na mpangilio wake una uzito mkubwa kwenye fasihi yake.

Miaka ya kwanza alikaa Ortoño, kijiji kilichoko kati ya Santiago na Padrón, kwa dada zake baba, hasa shangazi Teresa. Huko ni mashambani kabisa: watu wanaongea Kigalisia, wanaimba wakisaga nafaka na wakipura mahindi, ngoma yao ni muiñeira. Baadaye akachukuliwa na mama yake, wakakaa Padrón, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1850 wako Santiago. Nyumba ya mama na mji wa Santiago ndivyo vilivyompa Kihispania cha vitabuni, muziki, na jukwaa la Liceo de la Juventud, chama cha vijana wasomi ambako aliigiza tamthilia na kujuana na washairi kina Aurelio Aguirre na Eduardo Pondal.

Bila Ortoño hakuna *Cantares gallegos*, kitabu chake cha mashairi ya Kigalisia cha mwaka 1863. Msichana wa ukoo wa Castro aliyelelewa moja kwa moja jumbani asingezijua zile nyimbo kwa undani huo, kwa sababu watu wa tabaka la mama yake walikuwa wanaongea Kigalisia na watumishi tu. Kwenye utangulizi wa kitabu hicho mwenyewe anasema hakuwa na sarufi wala kanuni, na kwamba shule yake ilikuwa watu maskini wa vijijini. Wengi huchukulia hiyo ni adabu ya mwandishi kujishusha. Mimi naichukua kama taarifa.

Msisahau na mwaka 1853. Mvua ziliharibu mazao Galisia yote, njaa ikaingia, watu wa vijijini wakamiminika Santiago kuomba. Rosalía alikuwa na miaka 16. Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ya Hispania ikaondoa zuio la watu kuhamia Amerika. Njaa na mlango kufunguliwa vilikuja pamoja.

---

Nasaha_za_Pwani

Ndugu Waraka, hapo kwenye uhamaji ingia ndani kidogo, maana naona mashairi yake mengi yanaegemea huko.

---

Waraka_Mkongwe

Naam. Kuna uhamaji wa aina mbili, na msomaji akizichanganya anapotea.

Wa kwanza ni wa msimu. Wanaume wa Galisia walikuwa wakitembea kwenda Kastilia, nyanda za katikati ya Hispania, kuvuna ngano kwa mundu, kisha wanarudi na ujira mdogo, afya imekwisha. Ndio wanaozungumziwa katika shairi la *Cantares* linalowaambia Wakastilia wawatendee vyema Wagalisia. Pale anayezungumza ni mwanamke: aliyempenda alikwenda kutafuta mkate, akafa. Ni shairi la hasira, halina unyonge.

Wa pili ni wa kuvuka bahari, kwenda Kuba kwanza, baadaye Argentina na Uruguay kwa wingi. Mwaka 1854 mbunge na mwenye mashamba ya miwa, Urbano Feijóo Sotomayor, naye Mgalisia, aliwapeleka Kuba vijana yapata 1,700 kwa mikataba ya miaka mitano, ili wafanye kazi ambazo wakati huo zilikuwa zikifanywa na Waafrika waliokuwa utumwani. Walilipwa chini ya kawaida, wakalala kwenye mabanda ya kufungiwa, wakachapwa, wengi wakafa kwa homa. Malalamiko yalifika hadi bungeni Madrid na mpango ukavunjika.

Rosalía alichokifanya, na ambacho wanaume wengi walioandika juu ya uhamaji hawakukifanya, ni kugeuza macho kwa waliobaki. Sehemu ya tano ya *Follas novas* (1880) inaitwa "As viudas dos vivos e as viudas dos mortos", wajane wa walio hai na wajane wa waliokufa. Mjane wa aliye hai ni mke ambaye mume yuko Havana, haandiki, hatumi kitu, na mke huyo hawezi kuolewa tena wala kuuza shamba. Anabaki analima, anachoma mkaa, analipa kodi ya ardhi. Hilo ni jambo la kisheria na la kiuchumi kabla halijawa la moyoni, na yeye alilielewa hivyo.

---

Kalamu_Mvule

Turudi kwenye mpangilio wa miaka. Aprili 1856 anakwenda Madrid, anafikia kwa ndugu wa mama yake, mtaa wa Ballesta. Mwaka 1857 anatoa *La Flor*, kijitabu cha mashairi ya Kihispania. Manuel Murguía, mwandishi kijana kutoka Galisia, anakihakiki kwenye gazeti la La Iberia na kukisifu. Tarehe 10 Oktoba 1858 wanafunga ndoa kanisa la San Ildefonso, Madrid. Mtoto wa kwanza, Alejandra, anazaliwa Santiago Mei 1859. Hesabu miezi mwenyewe.

Mwaka 1859 unatoka Vigo *La hija del mar*, riwaya yake ya kwanza. Kwenye dibaji anawataja wanawake wa kale na wa karibuni waliofikiri na kuandika, kisha anasema kwamba mwanamke bado hajaruhusiwa kuandika anachokihisi na anachokijua. Alikuwa na miaka 22. Ukiisoma dibaji hiyo kwanza, lile joho la mshairi mpole wa machozi linamvuka palepale.

Mama yake alifariki Juni 1862. Mwaka uliofuata akachapa *A mi madre*, nakala 50 tu. Na mwaka huohuo 1863, katika chapa ya Juan Compañel, Vigo, ikatoka *Cantares gallegos*. Compañel alikuwa rafiki wa Murguía na ndiye aliyechapa vitabu vyao vingi vya miaka ile. Kitu cha kukumbuka: mwaka 1861 gazeti la El Museo Universal la Madrid lilikuwa limeshachapa shairi lake la Kigalisia, lile la kuaga mito na chemchemi. Kwa hiyo *Cantares* halikuja ghafla.

---

Mizani8

Naomba niliingilie hilo shairi la kuaga, kwa sababu kwa mtu aliyezoea mizani na vina ni lango zuri kuliko yote. Ubeti wa kwanza huu hapa:

*Adiós, ríos; adiós, fontes;*
*adiós, regatos pequenos;*
*adiós, vista dos meus ollos:*
*non sei cando nos veremos.*

Anaaga mito, chemchemi, vijito vidogo, na mandhari ya macho yake, hajui wataonana lini. Hesabu mizani: a-diós-rí-os-a-diós-fon-tes, nane. A-diós-re-ga-tos-pe-que-nos, nane. Mishororo yote minne ni nane nane. Sasa vina. Mshororo wa kwanza na wa tatu huru, wa pili na wa nne vimefungana: *pequenos*, *veremos*. Ukitafuta silabi ya mwisho ifanane kama tunavyodai sisi, utaona hapa si kamili. Kwao katika nyimbo za kienyeji inatosha irabu zifanane kuanzia pale mkazo unapoangukia: e-o, e-o. Konsonanti zikitofautiana si kosa.

Wanaojaribu kuhesabu mizani ya Rosalía wakashindwa huwa wamekwama kwenye mambo mawili.

Moja, irabu zikikutana mwisho wa neno na mwanzo wa linalofuata, zinahesabiwa silabi moja. Chukua ule mshororo wa *Follas novas*, *negra sombra que me asombras*. Kwa kukata kila silabi unapata tisa, ila *me* na *a-* zinaungana, inakuwa ne-gra-som-bra-que-mea-som-bras, nane. Halafu cha pili, mkazo wa mwisho. Neno la mwisho likiwa na mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, unaongeza moja. *Has de cantar*, mwanzo wa *Cantares*, ni silabi nne za kutamka lakini kwenye hesabu ni tano. Mkazo ukiwa silabi ya tatu kutoka mwisho, unapunguza moja. Ukiyashika haya mawili, kitabu kizima kinafunguka.

Muundo wa *Cantares* nao una hila yake. Shairi linalokizunguka kitabu ni la msichana anayeombwa aimbe, na mwishoni anarudi kuomba radhi kwa uimbaji wake. Katikati, kila shairi kwa kawaida limejengwa juu ya wimbo wa kienyeji wa mishororo michache: mara anauweka juu kisha anaupanua kwa beti zake, mara anauficha ndani au kuuweka mwisho kama kituo. Hapo msomaji akiuliza "ni wimbo wa watu au ni wake?" jibu ni vyote, na mshono hauonekani. Wazo la kupanua nyimbo za watu alilipata kwa Antonio de Trueba, aliyefanya hivyo kwa Kihispania mwaka 1852, na Rosalía amemtaja wazi kwenye utangulizi. Kwa maoni yangu amempita mbali.

---

Tumaini_K

Dada Mizani8, ubarikiwe. Na vile vitabu vya baadaye ni mizani nane hivyohivyo?

---

Mizani8

La. *Follas novas* inachanganya, na *En las orillas del Sar* (1884, Kihispania) inavunja kabisa. Kule unakuta mishororo ya mizani 16, hata 18 iliyokatwa tisa-tisa, na mara nyingine anapanga mshororo wa nane ukifuatwa na wa kumi au kumi na moja, mchanganyiko ambao washairi wa Madrid wa wakati ule waliuona ni hitilafu ya sikio. Miaka 20 baadaye vijana wa Hispania wakaanza kuandika hivyohivyo na ikaitwa usasa.

Lakini hata humo kuna vipande vifupi. Lile shairi la kifo cha mtoto ni mizani saba: *Era apacible el día / y templado el ambiente, / y llovía, llovía / callada y mansamente*. Siku tulivu, hewa ya wastani, mvua inanyesha tu, kimya na taratibu. Hakuna neno la kilio ndani ya mishororo hiyo minne. Kitenzi cha mvua kinarudiwa mara mbili, basi. Linahusu kifo cha mwanawe Adriano, aliyefariki Novemba 1876 akiwa hajatimiza miaka miwili, baada ya kuanguka kutoka mezani. Februari 1877 akajifungua Valentina, mtoto aliyezaliwa akiwa ameshafariki. Kwa jumla alizaa watoto saba: Alejandra, Aura, mapacha Gala na Ovidio, Amara, Adriano na Valentina. Hakuna hata mmoja aliyeacha mtoto. Gala, wa mwisho kufariki, aliishi hadi 1964.

---

Mchambuzi_Huru

Kuna hoja inazunguka kwamba mashairi aliandika mumewe. Mnaionaje? Kwa sababu Murguía alikuwa mwanahistoria mkubwa, ana mtandao wa wachapishaji.

---

Nasaha_za_Pwani

Mkuu, hoja hiyo Rosalía mwenyewe aliijibu akiwa hai. Katafute "Las literatas. Carta a Eduarda", iliyotoka kwenye *Almanaque de Galicia* ya mwaka 1866, chapa ya Soto Freire, Lugo. Imeandikwa kama barua: mwanamke mwandishi anamwonya rafiki yake asithubutu kuchapa. Anamweleza yatakayompata. Wanaume watamkagua kama kiroja. Wanawake watamsema. Akiandika vizuri na mumewe naye ni mwandishi, watasema mume ndiye aliyeandika, naye ameweka jina tu. Humo mume wa mwandishi wa barua anaguswa waziwazi kiasi kwamba hakuna wa kujifanya hajaelewa.

Kazi ya Murguía ilikuwa nyingine, na haifai kuidharau. Alimsukuma achape wakati yeye mwenyewe hakutaka, akampelekea maandishi kwa mchapaji, akasimamia matoleo. Lakini linganisha nathari ya Murguía na ya Rosalía: Murguía ni sentensi ndefu za mwanahistoria, zimejaa habari za Waselti, wale watu wa kale wa Ulaya. Hana sikio la nyimbo.

Tena almanaki hiyo ya Lugo ilikuwa na mkasa wake. Kabla ya hapo, Rosalía alikuwa ameandika makala inayoitwa "El Codio" iliyowachora wanafunzi wa seminari wa kutoka vijijini. Wanafunzi wakapata habari kabla haijatoka, wakaivamia chapa ya Soto Freire. Makala haikuchapwa na maandishi yake hayajabaki. Halafu mtu anasema alikuwa mshairi wa kulialia!

---

Waraka_Mkongwe

Niongezee ugomvi wa 1881, maana ndio uliomfanya aache Kigalisia, na wengi hudhani aliacha kwa kuugua.

Machi na Aprili 1881 alichapa makala za "Costumbres gallegas" kwenye gazeti la El Imparcial la Madrid. Ndani yake alitaja desturi ya sehemu fulani ya pwani: baharia aliyekaa baharini muda mrefu akifika, familia ilimkaribisha hadi kumruhusu alale na mwanamke wa nyumba, kama ukarimu. Alieleza kwa heshima. Magazeti ya Galisia yakawaka moto, kwamba ameidhalilisha nchi yake mbele ya Madrid.

Julai 26 mwaka huo, kutoka Lestrove, karibu na Padrón, akamwandikia mumewe barua kuhusu mchapishaji aliyekuwa anataka kitabu kingine cha Kigalisia. Akasema hata kwa reali elfu tatu, sita wala tisa hataandika tena kwa lugha hiyo. Zingatieni hali ya mfuko. Murguía alikuwa ameongoza nyaraka za taifa kule Simancas tangu baada ya mapinduzi ya 1868, kisha Archivo de Galicia, A Coruña, kuanzia 1870. Utawala wa kifalme uliporudi akaondolewa kazini mwaka 1875. Nyumba ina watoto, mshahara hakuna. Kukataa pesa katika hali hiyo ni uamuzi mzito, na aliutimiza: kitabu kilichofuata, *En las orillas del Sar*, ni Kihispania mwanzo hadi mwisho.

---

Bint_Maktaba

Naomba kuuliza kuhusu kifo. Maneno ya mwisho, "fungueni dirisha, nataka kuona bahari", yamo karibu kila mahali.

---

Kalamu_Mvule

Yamo, lakini simama kwenye nyumba yenyewe uangalie. Alifia A Matanza, Padrón, adhuhuri ya tarehe 15 Julai 1885, saratani ya mfuko wa uzazi, akiwa na miaka 48. Padrón iko bonde la mto Sar. Bahari haionekani kutoka dirisha lolote la nyumba ile. Wanaoyatetea maneno hayo husema alikuwa anaweweseka, na hilo linawezekana. Wengine huyajenga juu yake falsafa nzima bila kuangalia ramani, na hapo ndipo wanapokosea. Kilicho wazi ni kwamba miezi ya mwisho alikwenda Carril, pwani, kwa sababu alitaka kuiona bahari kabla ya kufa.

La maana zaidi ni agizo lake kwa Alejandra: achome maandishi yote ambayo hayajachapwa. Yakachomwa. Murguía naye akiwa mzee akaziteketeza barua nyingi za mkewe. Ndiyo maana wasifu wowote wenye mazungumzo marefu ya Rosalía nyumbani, neno kwa neno, usiuamini. Barua zilizobaki ni chache mno kuweza kutoa kitu kama hicho.

Alizikwa Adina, makaburi ya Iria Flavia ambayo aliyaimba kwenye *Follas novas*. Tarehe 25 Mei 1891 mabaki yakahamishiwa Santo Domingo de Bonaval, Santiago, na hapo yapo hadi leo. Fedha za kaburi lile la marumaru zilitoka kwa sehemu kubwa kwa Wagalisia waliohamia Kuba. *Follas novas* yenyewe ilichapwa ikiwa na majina mawili ya mahali, Madrid na Havana, na amekitabarukisha kwa chama cha hisani cha Wagalisia wa Havana. Wasomaji wake wa kulipa walikuwa ng'ambo.

---

Bint_Maktaba

Shukrani sana. Sasa mnishauri: nianze na kitabu gani, na toleo lipi? Nasoma Kihispania, Kigalisia ndiyo najikongoja.

---

Mizani8

Dada yangu, anza na dibaji ya *La hija del mar* na "Las literatas". Ni kurasa chache, zote Kihispania, na zitakuonyesha ni mtu wa namna gani. Kisha *En las orillas del Sar*, polepole, shairi moja moja. Halafu ndipo uingie *Cantares gallegos*. Ukiwa na Kihispania, maneno mengi utayabaini ukiyasoma kwa sauti. *Follas novas* iweke mwisho, kwa sababu ndiyo ngumu na ndiyo kubwa kuliko vyote. Ndani yake usiliruke "A xustiza pola man", mwanamke aliyeharibiwa na watu wanaoitwa waheshimiwa: analalamika kwa mahakimu hawamsikii, anamlilia Mungu hamsikii, basi usiku anachukua mundu. Riwaya, ukitaka moja tu, chukua *El caballero de las botas azules* (1867), inayowakejeli wachapishaji na wasomaji wa Madrid kwa njia ya ajabuajabu.

Kuhusu toleo, kuwa macho na mambo haya. Mwaka 1863 Kigalisia hakikuwa na tahajia iliyokubaliwa, Rosalía aliandika kwa sikio, na neno moja unaweza kulikuta kwa sura mbili kwenye ukurasa mmoja. Tahajia rasmi imekuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo matoleo mengine yamerekebisha kila kitu, mengine yameacha kama alivyoandika. Kwa anayejifunza lugha, chukua lililorekebishwa. Kwa anayehesabu mizani, chukua lililoacha, kwa kuwa marekebisho mara nyingine yanaondoa alama za kuunganisha irabu na hesabu inakugomea. Soma maelezo ya mhariri mwanzoni, yatakuambia.

Na angalia kama *Cantares* uliyonayo inafuata toleo la 1863 au la pili la 1872, Madrid, ambalo yeye mwenyewe aliliongezea. Matoleo mengi ya sasa yanafuata la pili. Ukimnukuu kwa namba ya shairi bila kutaja toleo, mwenzako hatalipata.

---

Nasaha_za_Pwani

Nyongeza ndogo kuhusu tarehe. Mei 17 huadhimishwa Galisia kama Siku ya Fasihi ya Kigalisia tangu 1963, mwaka *Cantares* ilipotimiza miaka 100, na wa kwanza kuenziwa alikuwa Rosalía. Wengi huandika kwamba kitabu kilitoka Mei 17. Tarehe hiyo ni ya tabaruku aliyomwandikia Fernán Caballero, yaani Cecilia Böhl de Faber, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume. Alimshukuru kwa kuwa katika riwaya zake hakuwadhihaki Wagalisia kama wengine. Tabaruku ina tarehe yake, uchapaji una yake.

---

Tumaini_K

Na ile picha yake kwenye noti ya zamani ya Hispania, ni noti ipi? Kuna mtu anauza mtandaoni anasema ni ya 1937.

---

Waraka_Mkongwe

Si ya 1937. Ni peseta 500, ya rangi ya buluu, yenye tarehe 23 Oktoba 1979. Mbele ni sura yake, nyuma ni nyumba ya A Matanza pamoja na mishororo ya *Follas novas* kwa mwandiko wa mkono. Kabla ya kulipa muuzaji mwombe picha ya pande zote mbili. Nyuma kukikosa nyumba, achana nayo.